Yakobo, Mtu wa Majina Mawili

Hapa Karatu Wairaqw huitwa Wambulu na watu wengi wa nje, na Wadatoga huitwa Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai lenye maana ya adui. Waisraeli nao walikuwa na jina la nyumbani na jina la barabarani. Katika Maandiko, Mwebrania ni neno linalosikika mara nyingi vinywani mwa wageni, kama mke wa Potifa alipomshtaki Yusufu. Wengine hulihusisha na Eberi, babu wa Abrahamu. Wengine na kitenzi cha kuvuka. Jina la nyumbani, Israeli, lilianza na mtu mmoja.

Yakobo alizaliwa ameshika kisigino cha pacha wake Esau, na jina lake likatokana na hilo. Baba yake Isaka, akiwa kipofu, alipomwuliza yeye ni nani, alijiita Esau, akapata baraka ya ndugu yake. Uongo huo ulimfanya mkimbizi. Alitoka Beer-sheba hadi Harani, akamchungia mjomba wake Labani miaka 20. Wafugaji wa Ngorongoro hutoa mahari ya ng'ombe. Yakobo hakuwa na hata mmoja, hivyo Lea na Raheli aliwalipia kwa jasho la miaka 14.

Akirudi kwao, usiku, aliwavusha wake, watoto na mifugo mto Yaboki, akabaki peke yake. Mtu asiyemjua akapigana naye mweleka hadi alfajiri, nyonga yake ikateguka. Kisha akaulizwa jina, swali lile lile la baba yake. Safari hii alisema kweli: Yakobo. Hapo ndipo alipopewa jina Israeli. Kwetu sisi, jibu hilo la neno moja ni zito kuliko mweleka wenyewe. Asubuhi alikwenda akichechemea kumwinamia Esau. Na tofauti na Abrahamu, ambaye hakurudia kuitwa Abramu, yeye aliendelea kuitwa kwa majina yote mawili.

Njaa ilimhamishia Misri akiwa na miaka 130, na ukoo wake ukawa taifa. Jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 hivi K.K., linalitaja jina la Israeli miongoni mwa walioshindwa Kanaani. Jina la Wayahudi, kutokana na Yuda, mwanawe wa nne, lilienea baadaye sana, hasa baada ya uhamisho wa Babeli.

Yakobo alifia Misri akiwa na miaka 147. Wanawe waliubeba mwili wake hadi pango la Makpela, Hebroni, wakisindikizwa na wakuu wa Farao. Njiani walisimama siku saba kuomboleza. Wakanaani walioutazama msiba ule walidhani ni wa Wamisri, wakapaita mahali pale Abel-Misraimu, yaani maombolezo ya Wamisri.