Amana Iliyodaiwa Miaka 54

Mtu akishatiwa korokoroni na dola, awe mwizi wa kuku au mpinzani wa serikali, huwa amekwisha kuwa amana. Hana mkono wa kujikinga, hana mlango wa kuufungua, wala hana jamaa wa kumsikia akilia. Aliyemfungia ndiye mlinzi wake, na mlinzi huyo hana hiari, mbele ya Mungu na mbele ya sheria, ila kumrejesha mzima kama alivyomchukua, au kueleza kinagaubaga kilichomsibu. Hili sisi wa visiwani tulifundishwa tangu chuoni, tungali tumekaa mkekani na juzuu mapajani. Leo tumeona vyema tuwakumbushe wasomaji wetu, raia na watumishi wa serikali sawia, habari za amana moja iliyofanyiwa khiyana huko Afrika Kusini, na za aila iliyoidai kwa miaka 54 bila ya kuchoka. Hizo ni habari za Imamu Abdullah Haron.

Imamu Haron alizaliwa tarehe 8 Februari, 1924, katika viunga vya mji wa Cape Town, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na shangazi yake. Aliisoma Kurani tangu utotoni, akapelekwa Makka kutafuta elimu, na aliporejea akaendelea kusoma mbele ya mashekhe wa mji wake. Mwaka 1950 alimwoa Bibi Galiema, wakajaaliwa watoto watatu. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 31 tu, alichaguliwa kuwa imamu wa msikiti wa Stegman Road, mtaa wa Claremont.

Wazee wengine walimwona kijana mno, tena mpenda mavazi nadhifu, mpenda mchezo wa kriketi na raga. Lakini haukupita muda ila msikiti ule ulibadilika. Alianzisha darsa za watu wazima, akawafungulia wanawake mlango wa kushiriki katika mambo ya msikiti, na mwaka 1958 akasaidia kuunda jumuiya ya vijana wa Kiislamu wa Claremont. Mwaka 1960 lilipoanzishwa gazeti la Muslim News, yeye akawa mhariri wake. Kwake yeye dini haikuwa tasbihi na udi peke yake. Ilikuwa ni kuuliza jirani amekula nini na amelala wapi.

Na majirani wa wakati ule walikuwa na mengi ya kuulizwa. Siasa ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imewagawa wanadamu kwa ngozi zao kama mfanyabiashara agawavyo nafaka kwa magunia. Sheria ya makaburu ya kugawa maeneo ya makazi iliwang'oa watu katika mitaa waliyozaliwa. Claremont nayo ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Aila ya Imamu ikahamia Athlone, na jamaa za msikiti wakatawanyika, ingawa msikiti wenyewe ulibaki mahali pake. Mwaka 1961 Imamu alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kiislamu waliotoa tamko la hadhara kwamba ubaguzi wa rangi ni kinyume cha Uislamu. Kwa utawala ule, hilo lilikuwa neno zito kutamkwa na mtu wa mimbari.

Uimamu haukuwa ajira yake. Alikula kwa jasho lake, akiwa wakala wa kuuza peremende wa kampuni moja ya Kiingereza. Kazi hiyo ndiyo iliyompa njia ya kuingia katika vitongoji vya Waafrika vya Langa, Nyanga na Gugulethu. Pamoja na sampuli za bidhaa zake alichukua misaada kwa aila ambazo waume na baba zao walikuwa vifungoni au wamekimbilia ng'ambo. Wenyeji wa huko, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu, walimwita Mfundisi, yaani mwalimu wa dini. Neno ambalo Mswahili halihitaji mkalimani kulielewa.

Katika safari hizo alifungamana na wapigania uhuru wa chama cha PAC, chama kilichopigwa marufuku nchini mwake mwaka 1960 na ambacho baadaye kiliweka makao yake makuu Dar es Salaam, kama vyama vingi vya ukombozi vilivyopokewa na nchi yetu zama zile. Imamu alisafiri kwenda Makka, Cairo na London, akakutana na wakimbizi wa kisiasa na wafadhili wa aila za wafungwa. Polisi wa usalama wa makaburu walikuwa nyuma yake hatua kwa hatua. Alishauriwa kuihama nchi, na matayarisho yakaanza kufikiriwa, lakini hayakuwahi.

Tarehe 28 Mei, 1969, siku ya mwezi 12 Mfunguo Sita, Waislamu wakiwa katika furaha ya Maulidi, polisi walimkamata. Walimzuia kwa kifungu cha 6 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967, sheria iliyomruhusu askari kumfungia mtu peke yake bila ya kikomo, bila ya mashtaka, bila ya wakili na bila ya kuonana na mke wala mwana. Siku 123 zilipita. Tarehe 27 Septemba alikutwa amekufa katika chumba cha mahabusu cha kituo cha polisi cha Maitland. Polisi walisema kwamba siku chache kabla yake alikuwa ameteleza akaanguka ngazini.

Maiti ilioshwa na watu waliomjua. Waliyaona wenyewe yale ambayo karatasi za serikali hazikutaka kuyasema: majeraha zaidi ya 20 katika mwili na ubavu mmoja uliovunjika. Tarehe 29 Septemba umati uliokadiriwa kufikia watu 30,000 au zaidi uliichukua jeneza mabegani, mwendo wa kilomita zipatazo 10, hadi makaburi ya Mowbray. Waislamu, Wakristo, na watu wa kila rangi waliyoigawa makaburu walikuwamo katika safu hizo. Usiku ule ule zilzala kubwa iliitikisa nchi ya Rasi kutokea upande wa Tulbagh, na wengi waliichukua kuwa ni ardhi iliyokataa kunyamaza. Siku chache baadaye, tarehe 6 Oktoba, alifanyiwa kumbukumbu katika kanisa kuu la St Paul's, mjini London.

Mwaka 1970 mahakama ya makaburu ilifanya uchunguzi wa kifo kile. Hakimu alisikia habari ya ngazi, akasikia habari ya moyo, akahitimisha kwamba sehemu ya majeraha ilitokana na kuanguka, na kwamba yaliyobaki hakuweza kujua yametoka wapi. Hakuna aliyetiwa hatiani. Jalada likafungwa. Serikali ikampa mjane randi 5,000 kuwa ni hisani, bila ya kukiri kosa lolote.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya habari hii ambayo hasa tumekusudia kuieleza, kwani kuuawa kwa mtu mwema si jambo geni katika historia ya wanadamu, bali adimu ni subira yenye kazi ndani yake. Bibi Galiema alibaki na watoto, mdogo wao angali hajui maana ya kifo. Alishika cherehani, akawalea kwa kushona nguo za watu. Hakuwa na jeshi, hakuwa na chama, hakuwa na hazina. Alikuwa na jambo moja tu: hakuikubali ile habari ya ngazi. Aila ilikataa kuirithisha, ikarithisha badala yake swali, kutoka kwa mama hadi kwa watoto na kutoka kwa watoto hadi kwa wajukuu.

Yapo yaliyowasikitisha zaidi kuliko jeuri ya makaburu. Uhuru wa Afrika Kusini ulipopatikana mwaka 1994, wengi walitaraji kwamba majalada ya namna hii yangefunguliwa mara moja. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifanya kazi yake, ikakabidhi mamia ya kesi kwa waendesha mashtaka, na kesi hizo zikalala katika makabati kwa miaka mingi, chini ya serikali iliyoundwa na ndugu wa marehemu katika mapambano. Jambo hilo lilifika hadi Rais Cyril Ramaphosa, mwaka 2025, kuunda tume chini ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe ili kuchunguza iwapo kulikuwa na mkono uliozizuia.

Aliyeufungua mlango ni aila nyingine. Ahmed Timol, mwalimu aliyekufa mikononi mwa polisi mjini Johannesburg mwaka 1971, alidaiwa kuwa alijirusha dirishani. Jamaa zake hawakunyamaza, na mwaka 2017 Jaji Billy Mothle aliamua kwamba aliuawa. Askari mmoja mzee akashtakiwa, lakini akafa mwaka 2021 kabla ya kesi yake kusikilizwa. Aila ya Haron iliona njia imepatikana, ikaona pia kwamba wakati unawakimbia. Bibi Galiema mwenyewe alifariki tarehe 29 Septemba, 2019, miaka 50 kamili tangu siku aliyozikwa mumewe, bila ya kuisikia hukumu aliyoingojea.

Uchunguzi mpya ulifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Cape Town mwezi Novemba, 2022. Watoto wa marehemu, sasa watu wazima wenye mvi, walitoa ushahidi. Madaktari walieleza kwamba majeraha yalikuwa yametapakaa mwilini na hayakupatikana siku moja. Haikuwezekana kuanguka mara moja ngazini kuyaleta yote. Tarehe 9 Oktoba, 2023, Jaji Daniel Thulare aliitengua hukumu ya 1970, akaamua kwamba Imamu aliteswa na polisi wa usalama na kwamba mateso hayo ndiyo yaliyomwua.

Je, haki imetendeka? Tuseme kweli: haikutimia. Maafisa waliomhoji walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyepata kusimama kizimbani. Ukweli uliandikwa, lakini adhabu iliwapita wenye kustahiki. Kila mwaka uliopotea makabatini ulikuwa ni zawadi kwa muuaji.

Hapa ndipo tunapowaelekea ndugu zetu wenye mihuri na kalamu. Wale polisi hawakuuficha uhalifu wao peke yao. Walihitaji daktari asiyeuliza sana, hakimu anayeridhika upesi, karani anayelifunga jalada, na baadaye, katika zama za uhuru, afisa anayeona kwamba jambo la zamani si la haraka. Hakuna serikali duniani, iwe ya makaburu au iwe ya wanyonge wenyewe, isiyoweza kuangukia katika mtego huo. Kinga ni moja: kila mahabusu ahesabiwe kuwa ni amana, na kila kifo cha mahabusu kielezwe kwa ukweli siku ile ile, kabla ya jamaa kulazimika kuuliza mara ya pili.

Nasi raia tujifunze kwa yule mjane na cherehani yake. Barabara kubwa ya Cape Town leo inaitwa kwa jina la Imamu Haron, na hiyo ni heshima njema. Lakini heshima iliyo kubwa zaidi alipewa na watu wa nyumbani kwake, waliokataa kupokea uwongo kuwa ni jawabu. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu na mkewe, na atupe sote moyo wa kuzitunza amana tulizokabidhiwa.