Dirichlet: Mwanahisabati Aliyekwazwa na Kilatini

Peter Gustav Lejeune Dirichlet alizaliwa tarehe 13 Februari 1805 mjini Düren, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Ufaransa. Mwaka 1822 alikwenda Paris kusoma. Kitabu alichokienzi kuliko vyote ni kile cha Gauss cha mwaka 1801 kuhusu nadharia ya namba, kilichoandikwa kwa Kilatini na kueleweka na wachache mno.

Ajabu ni kwamba Kilatini hichohicho ndicho kilichomzibia njia. Alikisoma, ila kukizungumza kulimshinda. Mwaka 1827 Chuo Kikuu cha Bonn kilimtunuku shahada ya uzamivu ya heshima, akaepukana na mtihani. Huko Berlin, alikohamia mwaka 1828, sharti la kutoa mhadhara kwa Kilatini lilimwandama hadi 1851, ilhali alikuwa bingwa zamani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaujua uchungu huo.

Kilele cha kazi yake ni miaka ya 1837 hadi 1839. Tuseme shamba la mahindi kule Migori au Homa Bay limepandwa kwa mistari iliyonyooka, shina na shina hatua moja. Mbuzi akifungwa kamba kwenye shina la katikati, idadi ya mashina anayoyafikia hukaribia eneo la duara lake. Umbali wa kila shina, ukizidishwa kwa wenyewe, ni jumla ya namba mbili mraba; basi kuhesabu mashina ni kuhesabu njia za kuziandika namba kwa fomu hiyo ya kuadratiki. Dirichlet aliipata idadi hiyohiyo kwa mfululizo ulio ndugu wa zeta: 1 kutoa 1/3, kujumlisha 1/5, kutoa 1/7, bila ukomo. Hesabu mbili za shamba moja hazina budi kuafikiana, hivyo mfululizo huo ni robo ya pai. Kwa fomu nyingine duara huwa duaradufu, na mbinu ileile hutoa idadi ya jamii za fomu. Fomula ambayo hata Gauss hakuwa ameichapisha.

Mwaka 1855 alirithi kiti cha Gauss kule Göttingen. Hakukikalia sana. Mkewe, Rebecka, alifariki Desemba 1858, naye akamfuata tarehe 5 Mei 1859. Mrithi wake, Riemann, alichapisha makala yake mashuhuri kuhusu zeta mwaka huohuo. Mihadhara ya Dirichlet ya nadharia ya namba ilitolewa na Dedekind mwaka 1863, kwa Kijerumani.