Okot p'Bitek na Uchaguzi wa Ngoma

Hayati Okot p'Bitek anakumbukwa kwa mashairi yake. Lakini kazi iliyomtia matatani na wakubwa haikuwa ya kalamu peke yake. Ilikuwa pia kazi ya kuamua ngoma ipi ichezwe, ichezwe wapi, na ichezwe na nani.

Alizaliwa mwaka 1931 Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu wa misheni. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma aliyesifika. Hivyo kitabu cha sala na ngoma vilikaa chini ya paa moja, katika siku ambazo wamisheni wengi walihubiri kuwa Mkristo safi hachezi ngoma za wazee wake. Kijana huyo alisoma Gulu, kisha Budo, na baadaye akasomea ualimu Mbarara. Mwaka 1953 alitoa riwaya kwa lugha ya Kiacholi. Alikuwa pia mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya jamii Oxford.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya Waskoti. Mwaka 1923, katika mji wa Glasgow, watu walioona ngoma za kwao zikipotea waliunda chama. Walizikusanya kutoka katika vitabu vya zamani na vinywani mwa wazee, wakazipiga chapa, wakaanzisha madarasa ya kuzifundisha. Tangu hapo kila mwalimu wa darasa kama hilo ana kazi ya kuchagua: ngoma ipi imfae anayeanza, ipi ya mbio ifuate ipi ya taratibu. Waskoti waliokaa Nairobi walizicheza ngoma hizo katika sikukuu ya Mtakatifu Andrea, wala hatukusikia mkubwa yeyote wa serikali ya kikoloni akiziita za kishenzi. Jina hilo liliwekewa ngoma za wenyeji.

Okot aliporudi Gulu kufanya kazi katika idara ya Makerere ya elimu ya watu wazima, alianzisha tamasha la ngoma na nyimbo. Ndipo shida ya kuchagua ilipomkabili yeye mwenyewe, kwa kuwa ngoma ya Kiacholi si mchezo wa kuokota tu. Bwola ni ngoma ya rwot, yaani mtawala: wanaume huunda duara kubwa, kila mmoja na kigoma chake mkononi, na kiongozi wao huvaa ngozi ya chui. Otole ni ngoma ya vita, nayo huchezwa kwa mikuki na ngao. Larakaraka ni ya vijana wanaotafuta wachumba, wakigonga vibuyu kwa spoku za baiskeli. Apiti ni ya wanawake. Askari hahitaji maelezo marefu hapa, maana anajua kwamba mwendo wa gwaride la mazishi hautumiki kumpokea Rais. Msomaji wa Gisenyi au wa Mudende, chini ya milima ya volkano, hatashangaa pia: jina Intore lenyewe maana yake ni wateule, na zamani katika itorero la mwami kijana alifundishwa kucheza na kushika silaha katika chuo kimoja.

Mwaka 1966 Okot alifanywa mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Jumba la maonyesho la kituo hicho lilifunguliwa mwaka 1959, na kwa miaka ya mwanzo lilitawaliwa na michezo ya Kizungu. Yeye alileta ngoma za wilaya jukwaani. Mwaka huohuo lilitoka shairi lake refu ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalijua kwa jina la Wimbo wa Lawino, katika tafsiri ya Paul Sozigwa. Humo mke aliyeachwa anamcheka mumewe msomi anayeona haya kucheza ngoma za kwao lakini haoni haya kukumbatiana na wanawake katika dansi ya Kizungu.

Oktoba 1967 aliandaa tamasha la siku nane kuadhimisha uhuru. Mwezi mmoja tu kabla yake, katiba mpya ilikuwa imefuta falme na vyeo vya wakuu wa jadi. Serikali ilitaka ngoma, ila haikuwataka tena waliokuwa wakichezewa ngoma hizo. Kwa maoni yangu hilo ni fumbo zito kuliko yote aliyokutana nayo Okot, na hakuna mkurugenzi ambaye angeweza kulifumbua kwa ratiba ya maonyesho. Muda mfupi baadaye, akiwa safarini kutoka Zambia, alipata habari kwamba ameondolewa kazini.

Alihamia Kenya. Desemba 1968 aliandaa tamasha jingine Kisumu, miongoni mwa Wajaluo, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiacholi. Kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi ya utawala wa Idi Amin. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha nyimbo za Kiacholi, akaeleza humo kila wimbo ni wa ngoma gani na ngoma hiyo huchezwa wakati gani. Huo ndio uchaguzi wake ulioandikwa, nao ungali unatumika. Alirejea Makerere baada ya Amin kuanguka, akafariki Kampala tarehe 20 Julai 1982.

Vita vilivyofuata kaskazini viliwafukuza Waacholi mashambani mwao na kuwasonga kambini. Mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi ya Patongo, waliokuwa wakiishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, walifika Kampala kwa mashindano ya shule za nchi nzima. Walipanda jukwaa la jumba lilelile, nao walikuwa wamechagua bwola.