Homer Smith

Homer William Smith (2 Januari 1895 – 25 Machi 1962) alikuwa mwanafiziolojia na mwandishi kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake ya kupima utendaji wa figo za mtu aliye hai bila kumpasua. Anatajwa pia kuwa ndiye aliyeingiza katika utabibu jina la hali ya figo kushindwa kufanya kazi ghafla.

Maisha

Smith alizaliwa mjini Denver, jimbo la Colorado, akakulia Cripple Creek, mji wa machimbo ya dhahabu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1917. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alishiriki utafiti wa gesi za sumu mjini Washington. Mwaka 1921 alipata shahada ya udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Baadaye alifanya utafiti Harvard, kisha akafundisha Virginia. Mwaka 1928 alihamia Chuo Kikuu cha New York, akabaki huko mpaka mwaka 1961.

Samaki wa Ziwa Viktoria

Mwaka 1928 alipata ufadhili wa Guggenheim uliomwezesha kwenda Afrika ya Mashariki kutafuta kambaremamba wa Ziwa Viktoria, ambaye Wajaluo humwita kamongo. Maji yanapokauka, samaki huyo hujifukia topeni, hupumua kwa mapafu na kuishi kwa kula nyama ya mwili wake mwenyewe. Katika muda huo hakojoi kabisa. Urea hurundikana mwilini mpaka maji yanaporudi. Binadamu hana uwezo huo: mkojo ukikatika kwa siku chache tu, maisha yake yamo hatarini.

Kupima damu ya figo

Figo za mtu mzima hupokea takriban lita 1.2 za damu kila dakika, yaani karibu sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kutokana na damu hiyo huchujwa takriban mililita 125 za majimaji kwa dakika, ambazo ni kama lita 180 kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Smith na wenzake, akiwemo James Shannon, walitumia inulini, aina ya wanga inayopatikana katika viazi vya ua la dalia. Inulini huchujwa na figo lakini hairudishwi mwilini, kwa hiyo kiasi chake katika mkojo huonyesha kasi ya kuchuja. Ili kupima mtiririko wa damu walitumia dawa ambazo figo huziondoa karibu zote mara damu inapopita mara moja.

Figo kushindwa ghafla

Kabla ya hapo daktari aliweza kuona kwamba mkojo umepungua, lakini hakuweza kujua kama figo zimekosa damu au zimeharibika. Swali hili lilikuwa zito wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mjini London, mwaka 1941, ilielezwa jinsi majeruhi waliofukuliwa kwenye vifusi walivyokufa siku chache baadaye kwa sababu ya figo. Mjini New York, Lauson, Bradley na Cournand walipima figo za majeruhi waliopoteza damu nyingi, na mwaka 1944 walionyesha kwamba mtiririko wa damu katika figo hushuka sana.

Mwili unapokosa damu, mishipa ya figo hujibana ili ubongo na moyo vipate. Msukumo wa kuchuja hupungua, na mkojo unaweza kushuka chini ya mililita 400 kwa siku. Damu ikirudishwa mapema, figo hupona. Ikichelewa, seli za mirija yake hufa kwa kukosa oksijeni, na hapo kuongeza damu peke yake hakurudishi mkojo mara moja.

Smith aliipa hali hiyo sura nzima katika kitabu chake kikubwa cha figo cha mwaka 1951.

Vitabu

Aliandika pia Kamongo (1932), mazungumzo ya mwanasayansi na kasisi melini, na From Fish to Philosopher (1953), kuhusu historia ya figo tangu samaki wa kale hadi binadamu. Alifariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 67. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa inulini kama kipimo cha msingi cha kasi ya figo kuchuja.