Alan Turing: Mwanahisabati aliyeuliza iwapo mashine yaweza kufikiri

MWAKA 1950, wakati kompyuta zilizokuwapo duniani zilikuwa chache na kubwa mno, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alichapisha makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Ndani yake aliuliza swali ambalo hadi leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: je, mashine yaweza kufikiri?

Turing alizaliwa London, Juni 23, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni nchini India, hivyo Alan na kaka yake walilelewa Uingereza na walezi kwa sehemu kubwa ya utoto wao.

Katika shule ya Sherborne alipata rafiki wa dhati, Christopher Morcom, kijana aliyeipenda sayansi kama yeye. Mwaka 1930 Morcom alifariki kwa kifua kikuu. Msiba huo ulimwachia Turing fumbo lililomsumbua kwa miaka: akili ya mtu ni kitu gani, na mwili ukifa, yenyewe huwa wapi?

Mwaka 1936, akiwa Chuo cha King's, Cambridge, alibuni kwa hesabu tupu mashine ya kufikirika, isomayo na kuandika alama kwenye utepe usio na mwisho. Alithibitisha kuwa mashine moja ya namna hiyo yaweza kufanya kazi ya nyingine zote, mradi ipewe maelekezo. Huo ndio msingi wa kompyuta. Makala hiyo hiyo ilionyesha pia kuwa yapo maswali ya hisabati ambayo hakuna mashine iwezayo kuyamaliza.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, aliitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja mafumbo ya adui. Huko alisanifu mtambo ulioitwa Bombe, uliosaidia kufumbua ujumbe wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma. Kazi hiyo ilibaki siri ya serikali hadi miaka ya 1970.

Baada ya vita alisanifu kompyuta, kisha mwaka 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Hapo alikutana na upinzani. Mwaka 1949 bingwa wa upasuaji wa ubongo, Geoffrey Jefferson, alitamka hadharani kuwa mashine haiwezi kulinganishwa na ubongo hadi itakapotunga shairi kwa sababu ya hisia zake yenyewe.

Turing alijibu katika makala ya 1950. Alieleza kuwa kwa kipimo hicho hakuna awezaye kuwa na hakika kwamba hata jirani yake anafikiri, kwa kuwa hisia za mwingine hazionekani. Badala yake alipendekeza jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi, kisha abashiri kama anayemjibu ni binadamu au mashine. Alitabiri kuwa baada ya miaka 50 hivi, mwulizaji wa kawaida angekosea walau mara 30 katika 100 baada ya dakika tano.

Hakuishi kuona matokeo. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Ili kuepuka jela alikubali kutibiwa kwa homoni. Alifariki Juni 7, 1954, akiwa na miaka 41, kwa sumu ya sayanidi. Uchunguzi ulihitimisha kuwa alijiua, ingawa mama yake aliamini ilikuwa ajali.

Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Tangu 2021 sura yake imo katika noti ya pauni 50.

Leo zipo programu zinazozungumza kiasi cha kumchanganya msikilizaji. Hata hivyo, hoja ya Jefferson haijazikwa: kujibu kama binadamu ni jambo moja, kuhisi kama binadamu ni jingine. Turing aliwapa walimwengu njia ya kulipima la kwanza. La pili bado halina kipimo.