Charles Kettering, mtu aliyetoa manivela mikononi mwetu

Asubuhi ya Butembo kila mtu anaijua: baridi, ukungu juu ya vilima, na injini za gari zinazokataa kuamka. Njo maana wenye jipi wengine wanaenda ku garaji kuomba fundi awafungie telekomande ya kuwasha gari kutoka mbali. Fundi anafungua chini ya tabulo, anaunganisha kibokisi kidogo na nyuzi za funguo, kisha kazi imekwisha. Tajiri anabaki ndani ya nyumba na kikombe chake cha chai, anabonyeza kitufe, gari inawaka yenyewe ku parseli.

Lakini kibokisi kile hakiwashi injini. Kinatoa amri tu. Anayefanya kazi ni mota ndogo ya umeme, ile tunayoita demareri, iliyo pembeni ya injini. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeifanya ifae, juu ya wasomaji wetu wa machimbo wanajua vizuri zaidi kuliko watu wa mji namna watu waliteseka mbele yake.

Charles Franklin Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, ku shamba karibu na Loudonville, katika jimbo la Ohio, kule Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikuwa na akili sana, lakini macho yake yalikuwa mabaya: akisoma kwa muda mrefu, kichwa kinamuuma. Alifundisha watoto wa shule, akaingia ku universite, macho yakamshinda, akaacha. Hakurudi nyumbani kukaa bure. Alienda kufanya kazi na kundi la watu wa kusimika miti ya simu na kuvuta nyuzi, na pale ndipo alipojifunza umeme kwa mikono. Kisha alirudi masomoni, wenzake wakimsaidia kwa kumsomea vitabu kwa sauti. Alipata diploma ya injinia wa umeme mwaka wa 1904, akiwa na miaka 27.

Kazi yake ya kwanza ya injinia ilikuwa katika mji wa Dayton, kwenye kampuni ya NCR iliyotengeneza mashine za kuhesabia pesa za duka. Wakati ule muuzaji alipashwa kuzungusha mkono wa mashine kila mara. Kettering aliweka mota ya umeme ndani. Wengi walifikiri ni lazima mota ikuwe kubwa. Yeye aliona jambo lingine: mashine haizunguki siku nzima, inazunguka kidogo tu, kisha inapumzika. Basi mota ndogo inaweza kutoa nguvu nyingi kupita kipimo chake, kama inaachwa ipoe. Shika neno hilo, tutalirudilia.

Gari za wakati ule ziliwashwa kwa manivela. Mtu anasimama mbele ya gari, anaingiza chuma, anazungusha kwa nguvu zote. Moto ukishika mbele ya saa yake, injini inarudi nyuma na manivela inapiga kama nyundo. Watu walivunjika mikono, wengine mataya. Ndugu zetu wanaowasha injini ya mazutu ku machimbo, ya pompi ao ya kusaga mawe, hawahitaji maelezo. Wazee wa kazi wanaonya vijana wasizungushe kidole gumba juu ya chuma: vidole vyote vikae upande mmoja, ili manivela ikirudi ichomoke mkononi bila kuvunja.

Kuna habari iliyosimuliwa sana Detroit. Byron Carter, mtengenezaji wa gari, alisimama kumsaidia mwanamke ambaye gari yake ilizimika njiani. Manivela ikamrudia usoni, na kidonda kile kikawa mwanzo wa kifo chake. Wasimulizi hawapatani juu ya kila sehemu ya habari hii, lakini Carter alikufa kweli mwaka wa 1908, na alikuwa rafiki wa Henry Leland, mkubwa wa Cadillac. Leland akataka gari isiyoua tena mtu kwa manivela.

Kettering, pamoja na Edward Deeds, alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni yao, Delco, mwaka wa 1909. Walikuwa wakifanya kazi jioni ku gala iliyo nyuma ya nyumba ya Deeds, pamoja na marafiki wachache. Wengine walikuwa wamejaribu kuwasha gari kwa umeme, wakashindwa: mota yao ilikuwa kubwa mno. Kettering alikumbuka mashine ya pesa. Injini nayo haihitaji kusukumwa siku nzima, ni sekunde chache tu. Mota ndogo, batri nzuri, nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha iachiwe. Tena mota ileile, injini ikishawaka, iligeuka dinamo ya kujaza batri na kulisha taa. Mwezi wa pili wa 1911 gari ya kujaribu ilikuwa tayari, na Cadillac za mwaka wa 1912 zilitoka na chombo hicho. Tangu pale, hata mtu asiye na mikono ya nguvu aliweza kujiendesha mwenyewe.

Sasa turudi ku garaji ya Butembo. Funguo ya gari inafanya kazi kwa hatua: inatoa moto kwa vyombo, inatoa moto kwa injini, kisha kwa muda mfupi inaamsha demareri. Kibokisi cha telekomande kinaungwa ku nyuzi zilezile, na kinafuata hatua zilezile kwa kutumia rele, yaani swichi zinazobeba moto mkali kwa amri ya moto mdogo. Kinapashwa pia kujua saa injini imeshika, ili kiachie demareri. Ni lile neno la Kettering: muda mfupi, kisha achia. Kikikosa kujua, demareri inaungua.

Kuna nyuzi tatu ambazo fundi wa haraka anaziacha. Moja inatoka ku freni: mtu akikanyaga, injini inazima. Ingine inatoka ku kapo: ikiwa wazi, gari isiwake, juu fundi anaweza kuwa na vidole karibu na feni. Ya tatu ni ya vitesi: gari ya vitesi vya mkono ikiachwa ndani ya vitesi, demareri itaisukuma mbele, bila dereva, ku parseli ambamo watoto wanacheza. Fundi akiacha nyuzi hizo, amerudisha manivela. Tofauti ni moja tu: zamani ilimpiga mwenye kuizungusha, leo itampiga mtu mwingine.

Maisha ya Kettering yenyewe yalionyesha jambo hilo, na hatuwezi kulificha. Alikuja kuongoza utafiti wa General Motors kuanzia 1920 mpaka 1947. Mwaka wa 1921 Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini yake, aligundua kwamba plombi ndani ya esansi inazuia injini kugonga. Watu walijua tangu zamani kwamba plombi ni sumu. Hata vile, esansi ile iliuzwa, na kampuni ya Ethyl iliyoiuza ilimpata Kettering kuwa prezida wake wa kwanza. Mwezi wa 10 wa 1924, wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu hiyo ku kiwanda cha Bayway, New Jersey, na wengine wengi wakaugua. Walikuwa watu wa mishahara, kama sisi. Esansi ya plombi ya magari iliendelea kuuzwa duniani mpaka mwaka wa 2021, ilipokwisha kule Algeria. Mtu aliyeokoa mikono ya madereva alipeleka hatari ingine ndani ya damu ya watoto wasiokuwa na gari.

Alifanya pia mema mengi: alipeleka taa ku mashamba kwa mashine za Delco, na mwaka wa 1945 pamoja na Alfred Sloan alisaidia kuanzisha taasisi ya utafiti wa kansa kule New York, inayobeba majina yao wawili. Alikufa tarehe 25 Novemba 1958.

Basi, wewe unayetaka telekomande, iwe Butembo, iwe Beni, mwulize fundi juu ya zile nyuzi tatu mbele ya kumlipa. Usiwashe gari ndani ya gala iliyofungwa: moshi wa injini una hewa isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa amelala. Ni hewa ileile inayoua wachimbaji pompi ikiwashwa ndani ya shimo. Injini ibaki nje, bomba tu liingie. Na kule Beni, ambako tangu 2014 watu wanalala sikio likiwa wazi juu ya mashambulizi ya usiku, umwambie jirani kwanza kwamba gari yako itawaka peke yake gizani.