Margaret McMillan: Mwanamke aliyepigania chakula, maji na daktari shuleni

Shule inapopika uji au mhudumu wa afya anapokuja kupima wanafunzi, wengi wetu tunaona ni jambo la kawaida. Lakini kuna watu waliolipigania. Mmoja wao ni Margaret McMillan wa Uingereza.

Margaret alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi wenye asili ya Uskochi. Mwaka 1865 baba yake na mdogo wake wa kike walifariki. Yeye mwenyewe aliugua homa kali iliyomwacha kiziwi, akaanza kusikia tena akiwa na miaka 14. Mama yao alirudi Uskochi na mabinti wawili waliobaki, Margaret na dada yake Rachel.

Mwaka 1893 Margaret na Rachel walihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Huko kulikuwa na watoto waliofanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu siku. Walifika darasani wakiwa na njaa, wachafu, wana chawa, na wengine walisinzia kwa uchovu. Mwalimu angefundisha nini mtoto wa namna hiyo akaelewa?

Mwaka 1894 Margaret alichaguliwa kuingia bodi ya shule za mji huo. Alidai shule ziwe na mabafu na hewa safi, na watoto wapate chakula. Mwaka 1899, pamoja na daktari James Kerr, walipima afya ya wanafunzi wa shule za msingi, kazi ambayo wakati huo ilikuwa karibu haijulikani nchini humo. Wapo waliopinga. Walisema kulisha mtoto ni kazi ya mzazi, na shule ibaki na kusoma na kuhesabu.

Hakukata tamaa. Mwaka 1906 Uingereza ilipitisha sheria ya kuruhusu halmashauri kulisha wanafunzi wenye njaa, na mwaka 1907 ikapitisha ya kupima afya zao.

Lakini kupima si kutibu. Mwaka 1910 Margaret na Rachel walifungua kliniki ya wanafunzi Deptford, eneo la watu maskini jijini London. Hapo wakajifunza jambo kubwa: mtoto alitibiwa akapona, kisha akarudi na ugonjwa uleule, kwa sababu alirudi kwenye chumba kilekile kilichojaa watu, kisicho na hewa wala maji ya kutosha. Dawa peke yake haikutosha.

Ndipo mwaka 1911 wakaanzisha kambi ya usiku bustanini. Baada ya masomo watoto walikuja, wakaoga, wakala, wakalala kwenye hewa safi, na asubuhi wakanywa chai na kwenda shule. Mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wadogo, ambako bustani, chakula, usafi, usingizi na michezo vilikuwa sehemu ya masomo.

Rachel alifariki mwaka 1917. Margaret aliendelea bila dada yake, na mwaka 1930 kikafunguliwa chuo cha walimu chenye jina la Rachel. Yeye alifariki mwaka uliofuata, 1931.

Funzo kwetu

Msikilizaji, afya ya mwanafunzi haitunzwi na mtu mmoja. Uji bila maji safi bado unaacha tumbo la kuhara. Choo kizuri bila sabuni ni nusu ya kazi. Mwalimu akiona mtoto anasinzia kila siku, amuulize alilala wapi na amekula nini kabla ya kushika fimbo. Mzazi naye asingoje aitwe.

Kikao cha kamati ya shule kikifika, usiulize matokeo ya mtihani tu. Uliza pia: watoto wetu wanakula nini, wanakunywa maji gani, na anayeumwa anasaidiwa na nani?